KUSOMA MCHORO WA SHAMBA LA MAJARIBIO



Huenda msimu huu Bwana Shamba au Bibi Shamba akafika kwako kuomba pembe ya shamba lako kwa jaribio la mbegu au la mbolea. Mkononi atakuwa na karatasi yenye miraba ya rangi mbalimbali, na ndani ya kila mraba kuna herufi na namba. Siku hizi mchoro huo hutolewa na kompyuta. Wakulima wengi hukubali kutoa shamba bila kuuliza miraba ile ina maana gani. Wengine hukataa, wakidhani ni mambo ya wasomi yasiyowahusu.

Maelezo haya yameandikwa ili nawe uweze kuusoma mchoro huo. Ardhi ni yako na jasho ni lako, na mbegu itakayosifiwa mwisho wa jaribio utainunua kwa fedha yako. Basi yafaa ujue jinsi ya kutambua jaribio lililopangwa vizuri na jaribio lililopangwa vibaya, na uyatambue kabla ya kupanda. Baada ya mavuno hakuna dawa.

1. KOSA NILILOLIFANYA MWENYEWE

Nilipomaliza stashahada yangu ya kilimo nilipelekwa kwenye kata yenye vilima. Nilikuwa kijana, na nilitaka kuonyesha kazi. Mkulima mmoja akanipa nusu ekari kando ya njia. Upande wa juu nikapanda mahindi ya mbegu iliyozoeleka pale, na upande wa chini nikapanda mbegu mpya. Nafasi ilikuwa moja, mbolea ilikuwa moja, na palizi ilifanywa siku moja.

Mbegu mpya ilistawi ajabu. Siku ya wakulima watu walijaa. Kila mtu aliona kwa macho yake: huku mahindi yanafika begani, kule yanapita kichwa. Msimu uliofuata wengi waliacha mbegu yao wakanunua ile mpya, na wapo waliouza mbuzi ili waipate. Walipovuna, hawakupata zaidi ya walivyozoea.

Ndipo mama mmoja mzee akaniita kando. Akasema, "Bwana Shamba, mwanangu, pale chini ulipopanda mbegu mpya palikuwa na zizi la ng'ombe miaka mingi. Pale hata magugu hurefuka. Kwani hukuuliza?"

Sikuuliza. Nilidhani nimepima mbegu, kumbe nilipima zizi. Wenye mbuzi hawakurudishiwa mbuzi wao, nami kwa muda mrefu sikuwa na uso wa kuwatazama. Majuto ni mjukuu.

Kosa lile lilikuwa katika mpango, wala si katika jembe au mvua. Lingeweza kuonekana kwenye karatasi, kabla ya punje moja kuingia ardhini, kama ningejua kuchora jaribio na kulisoma.

2. JINSI WATU WALIVYOJIFUNZA KUPANGA MAJARIBIO

Katika nchi ya Uingereza, mahali paitwapo Rothamsted, John Bennet Lawes alianzisha mwaka 1843 shamba la majaribio ya mbolea katika ngano. Shamba hilo huitwa Broadbalk, na mpaka leo linalimwa. Liligawanywa kwa mikanda mirefu, na kila mkanda ukapewa mbolea yake. Lakini kila mbolea ilipata mkanda mmoja tu. Mkanda ukizaa vizuri, wasema ni mbolea au wasema ni udongo wa mahali pale? Ni swali lile lile la zizi.

Mwaka 1919 aliajiriwa hapo mtaalamu wa hesabu, Ronald Fisher, ili azichambue kumbukumbu za miaka mingi. Kutokana na kazi hiyo alifundisha kwamba hesabu nzuri haiwezi kuokoa jaribio lililopangwa vibaya. Mpango lazima utengenezwe kwanza. Alieleza mambo hayo katika maandishi ya mwaka 1926, na katika kitabu chake juu ya upangaji wa majaribio kilichotoka mwaka 1935.

Mpango mmoja wa Fisher uliweza kuonekana kwa macho mlimani. Mwaka 1929, katika msitu wa Beddgelert huko Wales, aina tano za miti zilipandwa katika mraba wa mistari mitano na safu tano, na kila aina ikawa mara moja tu katika kila mstari na mara moja tu katika kila safu. Miti ilipokua, miraba yake ilionekana kwa mbali kama mkeka wa rangi, maana kila aina ina kijani chake. Mpango wa namna hiyo huitwa mraba wa Kilatini.

Hasara ya kutojaribu kwanza twaijua hata kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Tanganyika, kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Misitu ilifyekwa kwa matrekta kabla ya kupanda mashamba madogo ya majaribio kwa miaka ya kutosha. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji, na mvua yake haitabiriki. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na mamilioni ya pauni yalikuwa yamepotea. Ardhi ilijibu swali ambalo watu hawakuiuliza mapema.

3. MAMBO MANNE YA JARIBIO LILILO SAWA

Kabla ya kuusoma mchoro, yajue maneno manne.

(a) Kipande. Hiki ni eneo dogo linalopewa jambo moja linalojaribiwa, mathalani mbegu moja. Kwa mahindi kipande chaweza kuwa na mistari sita yenye urefu wa mita 5. Mistari miwili ya pembeni haipimwi, kwa sababu huguswa na jirani. Hupimwa minne ya katikati.

(b) Kitalu. Hapa hatusemi kitalu cha miche. Ni kitalu kama kile cha hati za viwanja mjini, yaani kundi la viwanja vilivyo pamoja. Katika jaribio, kitalu ni kundi la vipande vilivyo kwenye udongo unaofanana. Shamba likiwa kwenye mteremko, kitalu kimoja kiwe juu, kimoja kati na kimoja chini, na kila kimoja kifuate kontua.

(c) Marudio. Kila mbegu ipandwe katika kila kitalu. Vitalu vitatu ni marudio matatu. Hivyo kila mbegu huonja udongo mzuri na udongo mbaya kama wenzake.

(d) Kura. Nafasi ya kila mbegu ndani ya kitalu ipatikane kwa kura, wala isichaguliwe na mtu. Jicho la binadamu lina upendeleo hata kama moyo hautaki. Nami nilipochagua upande wa chini kwa mbegu mpya, nadhani macho yangu yalikwisha kuona kwamba pale pana rutuba.

Tazama faida yake. Tuseme twalinganisha mbegu A na mbegu B, nasi tumepata kilo hizi kwa kipande:

Kitalu cha juu: A kilo 4, B kilo 5
Kitalu cha kati: A kilo 6, B kilo 7
Kitalu cha chini: A kilo 8, B kilo 9

Katika kila kitalu B yaishinda A kwa kilo 1. Lakini tuseme tulikuwa na vipande viwili tu, A chini na B juu. Tungepata A kilo 8 na B kilo 5, tukatangaza kwamba A yashinda kwa kilo 3. Wakulima wangeiacha mbegu bora na kununua iliyo dhaifu. Shambani tofauti haziwi sawasawa kama katika mfano huu, lakini njia ya kulinganisha ni hiyo hiyo: mbegu kwa mbegu ndani ya kitalu kimoja.

4. MCHORO WA KWANZA: RAMANI YA SHAMBA

Zamani Bwana Shamba alichora ramani ya jaribio kwa rula na kalamu ya risasi. Leo ziko programu za kompyuta zinazopiga kura na kuchora ramani kwa muda mfupi. Nyingi zimejengwa juu ya R, lugha ya kompyuta iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya 1990. R hupatikana bure. Juu yake kuna programu kama agricolae, inayotoa mipango ya majaribio ya kilimo. Desplot, inayochora vipande vya shamba kwa rangi. Na FielDHub, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota, Marekani, ambayo hutumika kwa kubonyeza na kuchagua, bila kuandika amri za kompyuta.

Mwenye kuitumia huiambia programu: nina mbegu 4, nataka vitalu 3. Programu hupiga kura na kutoa ramani kama hii:

Kitalu I (juu): C A D B
Kitalu II (kati): B D A C
Kitalu III (chini): A C B D

Katika karatasi kila mbegu hupewa rangi yake, na mipaka ya vitalu huchorwa kwa mistari minene. Kila kipande hupewa namba, nawe utaiona namba hiyo kwenye kigingi shambani.

Ukipewa ramani ya namna hii, fanya ukaguzi wa macho. Kwanza, je, kila rangi iko katika kila kitalu? Pili, je, kuna rangi iliyojikusanya upande mmoja wa shamba? Tatu, mistari minene inafuata kontua, au inashuka na mteremko? Ikishuka na mteremko, kila kitalu kitakuwa na kichwa kikavu na miguu yenye maji, na hakitafanya kazi yake. Kama ningepaka rangi shamba langu lile la nusu ekari, ningeona rangi moja juu na rangi moja chini. Hata mtoto wa shule angeuliza kwa nini.

Ramani ina kazi tena baada ya mavuno. Programu yaweza kupaka rangi kwa kadiri ya kilo zilizovunwa: rangi hafifu penye mavuno kidogo, rangi iliyokolea penye mavuno mengi. Hapo pembe yenye maji yaliyotuama au mahali palipoliwa na nyani hujitokeza, nasi twajua tusiisingizie mbegu.

5. MCHORO WA PILI: MTI WA UKOO WA JARIBIO

Ramani yaonyesha kila kitu kilipo. Mchoro wa pili waonyesha kitu gani kimo ndani ya kitu gani. Wataalamu huuita mchoro wa Hasse, kwa jina la Helmut Hasse, mwanahesabu wa Ujerumani. Sisi twaweza kuufikiria kama mti wa ukoo, ambao juu ameandikwa babu, chini yake wana, na chini zaidi wajukuu. Katika jaribio letu la mahindi utakuwa hivi:

Juu kabisa: Shamba zima (1)
Chini yake, mkono wa kushoto: Vitalu (3)
Chini yake, mkono wa kulia: Mbegu (4)
Chini kabisa: Vipande (12)

Mstari hutoka Shamba zima kwenda Vitalu, na mwingine kwenda Mbegu. Kisha mistari miwili hutoka Vitalu na Mbegu na kukutana kwenye Vipande. Maana yake, kila kipande kina wazazi wawili: kimo ndani ya kitalu fulani, na kimepewa mbegu fulani. Hakuna mstari kati ya Vitalu na Mbegu, kwa kuwa hakuna kilicho ndani ya mwenzake. Kila mbegu imekutana na kila kitalu.

Ziko programu za R zinazochora mti huo na kuandika hesabu kando ya kila jina. Mojawapo ya programu zinazochora uhusiano huu ni edibble, iliyotungwa na Emi Tanaka, mtaalamu wa takwimu wa vyuo vikuu vya Australia. Ndani yake mtumiaji hutaja vitalu vyake, vipande vyake na mambo anayoyajaribu, kisha mchoro waonyesha vinavyoungana. Faida yake ni kwamba yamlazimu mtu kusema wazi: je, mbegu yatolewa kwa kipande, kwa kitalu, au kwa shamba zima?

Sasa tujifunze hesabu ya mti huo, maana hapo ndipo kosa linapofichuka. Fikiri kwamba vipande 12 ni shilingi 12 mfukoni mwako. Shilingi 1 huenda kwa kujua wastani wa shamba zima. Kwa vitalu 3 hutoka shilingi 2, kwa sababu ukijua wastani wa shamba na vitalu viwili, cha tatu chajulikana chenyewe. Kwa mbegu 4 hutoka shilingi 3, kwa sababu hiyo hiyo. Jumla umetumia 6, na salio ni 6.

Salio hilo ndilo linalopima bahati, yaani tofauti zinazotokea bila sababu ya mbegu wala ya kitalu: mchwa hapa, punje iliyoota vibaya pale. Bila kupima bahati huwezi kusema kama kilo 1 iliyozidi ni nguvu ya mbegu au ni bahati tu. Ni kama mizani ya sokoni: usipojua inakosea kwa kiasi gani, huwezi kusema gunia hili limezidi lile kwa nusu kilo.

Jaribio langu la nusu ekari lilikuwa na vipande 2. Shilingi 1 kwa wastani, shilingi 1 kwa tofauti ya mbegu mbili. Salio ni sifuri. Mti wa ukoo ungeandika sifuri hiyo mbele ya macho yangu, na watu wasingeuza mbuzi.

6. MAJI YA MFEREJI NA MBEGU ZA MAHARAGE

Twende sasa kwenye jambo linalowakosesha hata wataalamu. Tuseme kikundi cha wakulima kinataka kujua mambo mawili kwa pamoja: je, kumwagilia maharage kwa mfereji kuna faida, na katika mbegu tatu ni ipi iliyo bora?

Maji hayawezi kupelekwa kwenye kipande kidogo bila kumvamia jirani. Kwa hiyo shamba hugawanywa kwa mikanda 4 mipana. Kwa kura, mikanda 2 hupata maji na mikanda 2 hukosa. Kisha kila mkanda hugawanywa kwa vipande 3, na kila kipande hupewa mbegu yake kwa kura. Vipande vyote ni 12.

Mtu asiyechora mti atasema, "Nina vipande 6 vyenye maji na 6 visivyo na maji. Ushahidi wangu ni mwingi." Lakini mti wa ukoo waonyesha vingine. Chini ya Shamba zima kuna Mikanda (4), na chini ya Mikanda kuna Vipande (12). Mstari wa Maji waangukia kwenye Mikanda. Mstari wa Mbegu waangukia kwenye Vipande. Maji yalitolewa kwa mkanda, basi mashahidi wa maji ni mikanda 4. Mkanda mmoja ukiwa na udongo mzito, vipande vyake vyote vitatu vitasema neno moja, maana vimekunywa chungu kimoja.

Hesabu yake ni hii. Mikanda 4: shilingi 1 ya wastani na 1 ya maji, salio ni 2. Hizo ndizo za kuhukumu maji. Ndani ya mikanda zimebaki shilingi 8: mbegu zachukua 2, na kuona kama mbegu hubadilika zikipata maji kwachukua 2 nyingine; salio ni 4. Kwa hiyo jaribio hili lina nguvu kidogo kwa swali la mbegu, na lina nguvu ndogo sana kwa swali la maji. Kama maji ndilo swali lako kubwa, ongeza mikanda. Kuongeza mbegu hakutasaidia. Jambo hilo yafaa kulijua kabla ya kuchimba mfereji.

Kosa la kuhesabu mashahidi wasiokuwapo huja kwa sura nyingi. Mtu hupima mimea 40 katika kipande kimoja akasema ana marudio 40. Mwingine hunyunyiza dawa banda moja la kuku na kuliacha lingine, akahesabu kila kuku kuwa shahidi. Uliza daima: kitu kilichojaribiwa kilitolewa kwa nini? Kwa mmea, kwa kipande, kwa banda? Hesabu hicho kilichopewa, usihesabu kilichomo ndani yake.

7. MASHAMBA MENGI, VIPANDE VITATU VITATU

Huenda ukasema, "Mimi sina nafasi ya vipande 12." Iko njia iliyotengenezwa kwa ajili ya wakulima wadogo. Huitwa tricot, na programu yake ya kompyuta ni ClimMob, ambayo hupatikana bure.

Tuseme kuna mbegu 10 za kujaribu. Kila mkulima hupewa vifurushi 3 tu, vilivyochaguliwa na programu, wala haambiwi majina yake. Hupanda vipande vitatu vidogo, kisha husema ipi ilikuwa bora na ipi ilikuwa dhaifu. Shamba la kila mkulima ni kitalu kimoja. Programu hugawa vifurushi ili kila mbegu ipate kukutana na nyenzake mara zinazokaribiana katika mashamba mengi. Mkulima mmoja hawezi kuhukumu mbegu 10, lakini wakulima mia kwa pamoja wanaweza.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya vipande 12,409 vilivyosimamiwa na wakulima wenyewe kwa njia hii: maharage huko Nicaragua, na ngano huko Ethiopia na India. Yalionyesha kwamba majaribio ya wakulima yakiunganishwa na habari za hali ya hewa huweza kutoa ushauri wa mbegu unaofaa kila mahali.

Katika njia hii hatari ni moja: mkulima akibadilishana kifurushi na jirani, au akiweka kimoja karibu na zizi, mpango umevunjika na kompyuta haitajua.

8. KOMPYUTA HAIJUI KICHUGUU

Neno hilo latupeleka kwenye jambo kubwa kuliko yote. Programu huchora ilichoambiwa. Ukiiambia shamba lina vitalu vitatu, itachora vitalu vitatu, hata kama kitalu cha pili kimepita juu ya kichuguu cha zamani. Haijui mahali palipokuwa zizi. Haijui mwembe unaotia kivuli asubuhi, wala njia ya maji ya mvua kubwa, wala pale ulipochoma magugu mwaka jana.

Wewe wajua. Kwa hiyo Bwana Shamba akija na mchoro, usisimame kando. Tembea naye shambani kabla hajapiga kigingi. Mwonyeshe mahali palipo tofauti. Mahali padogo pabaya huachwa nje ya jaribio; mteremko hukatwa kwa vitalu. Mpango ukibadilika, kura ipigwe tena na mchoro utolewe upya. Afisa mwema hatakasirika. Mimi ningekuwa nimemuuliza yule mama mapema, ningeokoka.

9. FANYA MWENYEWE KWA KARATASI

Huna kompyuta? Kanuni ni zile zile. Chukua karatasi ya daftari la hesabu lenye miraba.

(1) Chora umbo la shamba. Weka mshale kuonyesha mteremko, na alama penye kichuguu, mti au zizi la zamani.
(2) Kata vitalu vitatu au vinne kukingama na mteremko.
(3) Gawa kila kitalu kwa vipande sawa, kimoja kwa kila mbegu.
(4) Andika majina ya mbegu kwenye vikaratasi, vikunje, vitie ndani ya kofia. Mtoto achomoe kimoja kimoja kwa kitalu cha kwanza. Virudishe vyote, uchomoe tena kwa kitalu cha pili, na hivyo hivyo.
(5) Paka kila mbegu rangi yake kwa kalamu za watoto. Tazama kwa mbali.
(6) Kando yake andika mti wa ukoo na uhesabu salio. Ikiwa ni sifuri, usipande, ongeza marudio.
(7) Weka karatasi mahali pakavu. Panya akila vigingi, karatasi ndiyo kumbukumbu yako.

10. MAMBO YA KUKUMBUKA

Mtu akija kukusifia mbegu, dawa au mbolea, akakuonyesha shamba lililostawi, usinunue mbuzi katika gunia. Muulize maswali haya:

Ilirudiwa mara ngapi, na katika vitalu vingapi?
Nafasi zilipatikana kwa kura au zilichaguliwa?
Jambo linalojaribiwa lilitolewa kwa kipande, kwa mkanda au kwa shamba zima?
Naweza kuuona mchoro?

Mwenye jaribio la kweli atakuonyesha mchoro kwa furaha. Asiye na mchoro mwambie ngoja. Na wewe ukikubali kutoa pembe ya shamba lako, tunza vigingi, pima kila kipande peke yake, wala usichanganye magunzi ya vipande viwili katika gunia moja. Kisha uje siku ya wakulima na karatasi yako mkononi, uwasomee wenzako.